Karani Kinuni

Vita vilipokwisha na askari wakarudishwa makwao, niliishiwa na wateja. Kwa muda mrefu nilikuwa nikikaa karibu na feri ya Likoni na picha zangu za ndege, na askari ndio walionilisha. Huyu alitaka kasuku, yule mwewe, mwingine alinieleza ndege wa kwao Unyasa ambaye sijapata kumwona, nami nikamchora hadi akacheka na kusema ndiye huyo. Sasa feri ilikuwa ikishusha wanawake wenye vikapu na makarani wenye haraka. Nikaanza kupita majumbani kuchora ndege wa watu, bata wa huyu, njiwa wa yule, juu ya mbao za makasha ya chai, kwa rangi walizobakisha mafundi wa mashua. Sharti langu lilikuwa moja: wenye nyumba wasipomtambua ndege wao, naondoka na picha yangu na hatudaiani.

Nyumba ya kwanza ya Waislamu kuniita ilikuwa ya Mzee Bakari, mkulima wa minazi na mihogo upande wa Shelly Beach. Mimi, Nyevu, ni Mrabai, binti wa Kikristo, na wenyeji walikuwa bado wakinipima kwa macho. Nilijua nyumba ile ikinikubali, nyingine zitanifungulia. Ikinikataa, nitarudi Rabai kufundisha, kazi niliyoisomea chuoni na ambayo kila asubuhi, mbele ya watoto, ilikuwa ikinikausha sauti.

Mzee alitaka picha ya jogoo wake. Jogoo huyo aliitwa Karani, kwa jinsi alivyotembea kama mtu aliyetia mikono mfukoni. Alikuwa amezeeka, kilemba chake kimelala upande, na Mzee Bakari alimpenda waziwazi, bila haya. Kila jioni alimlisha barazani kutoka kiganjani mwake. Alitaka picha ya kutundika sebuleni, ili Karani akifa asiondoke kabisa.

Mkewe, Bi Mwanarusi, hakutaka. Alinipa kahawa kwanza, kisha akaniambia kwa upole kwamba sebule ile ndiyo wanayoswalia, na sura ya kiumbe chenye macho haitundikwi humo. Walimwendea mwalimu wa madrasa kumwuliza, naye akasema kwamba sura isiyo na kichwa, yeye haoni ubaya wake.

"Basi na amchore bila kichwa," Bi Mwanarusi akasema.

"Hicho ni kitoweo," mumewe akajibu. "Mimi namtaka Karani."

Wote wawili wakanigeukia. Nikatazama kikombe changu. Watu walizipenda picha zangu kwa sababu ya macho. Jicho nililiweka mwisho, tone jeupe juu ya jeusi, na papo hapo ndege akawa wa mtu fulani na si wa mwingine. Bila jicho sikujua kama mimi ni mchoraji. Lakini nilikwisha kunywa kahawa yao. Nikasema nitajaribu.

Asubuhi niliketi uani, ubao magotini. Karani alinipa ubavu, akanipa kifua, halafu akanikazia jicho lake la rangi ya asali kama anayenidhihaki. Nilimchora amelala, kichwa kimefichwa ubawani. Ukatokea mto wa manyoya. Nilimchora amejificha nyuma ya mnazi. Ukatokea mnazi wenye mkia. Bi Mwanarusi alipita, akatazama, akaniuliza kwa huruma kama nilikuwa nimekula.

Siku ya pili alikuwa akitwanga mahindi, jirani akamwita penye ua. Alipoacha tu mchi, Karani alitazama huku, akatazama kule, akarukia ukingo wa kinu na kuzamisha kichwa chote mpaka shingoni. Kilichobaki juu ni mgongo wa rangi ya shaba, mkia uliofunguka na unyoya wake mmoja mrefu uliovunjika katikati, na miguu iliyotanuka kama ya mtu anayevuta ndoo kisimani. Bi Mwanarusi akarudi mbio na ufagio. Lakini mimi nilikwisha kuona.

Picha ilipokamilika niliiegemeza ukutani pale uani, Mzee akaitwa. Akatazama. Akarudi nyuma kidogo, akatazama tena.

"Nyevu, mwanangu," akasema taratibu, "huyu ni jogoo wa nani?"

 Ndipo nilipoelewa: yeye Karani alimjia uso kwa uso kila jioni, kula kiganjani. Mgongo ule hakuwahi kuushughulikia. Nikaanza kukusanya brashi zangu, naye maskini akawa ananiliwaza, akisema rangi ni nzuri sana, na huenda kuna nyumba yenye jogoo wa namna hiyo.

Bi Mwanarusi akatokea jikoni na uteo wa mchele.

"Wallahi, mwizi huyu!" Alikwisha kuvua mguuni mtalawanda mmoja na kuuinua alipogundua kwamba ni picha. Akasogea na mguu wake mtupu, akaugusa ule unyoya uliovunjika. Rangi ikamshika kidoleni.

"Huu niliuvunja mimi, kwa mwiko. Baba Mwanatatu, humjui jogoo wako? Mimi sura yake nyingine siijui. Kila nikimwona, hivi ndivyo alivyo."

Mzee akacheka mpaka akashikilia kinu. Kisha akautazama ubao tena. "Kumbe tunafuga majogoo wawili," akasema, "na mmoja mimi sijapata kuonana naye."

Bi Mwanarusi alipigilia msumari mwenyewe, sebuleni, baada ya kuukagua ubao kila pembe na kutoona jicho. Kabla ya magharibi jirani yake Nyamvula alikwisha kuja kuniomba nimchoree bata wake, naye aonekane kwa nyuma, kwani huyo bata, alisema, usoni hana la ajabu.

Juma lililofuata nilipita kwenda kwa Nyamvula, nikakuta kiti cha Mzee Bakari hakipo barazani. Kilikuwa uani, nyuma ya tangi la maji, naye ameketi juu yake amejikunyata. Nilipofungua kinywa kumwamkia, akaweka kidole midomoni. Bi Mwanarusi alikuwa penye ua akizungumza, na kinu kilikuwa wazi.

"Kaa hapa, mwanangu," akaninong'oneza. "Sasa hivi atakuja."