Vidole vya Marehemu

Vishikwambi vya kusomea badala ya vitabu vilipofika maktabani, mkutubi alivipanga mezani, akavifuta vumbi, akafungua mlango. Wasomaji wa alasiri wakaingia kama kawaida: walio hai kwanza, kisha marehemu, ambao hawapendi kusukumana. Mume wa mkutubi alikuwa nyuma kabisa. Tangu azikwe alikuwa akija kumalizia riwaya aliyoiachia hospitalini. Alisoma polepole, na kila akiondoka alikunja pembe ya ukurasa, tabia iliyowagombanisha ndoa nzima.

Alasiri hiyo aligusa kioo cha kishikwambi. Hakikuwaka. Akakipuliza, akakipangusa kwa shati alilozikwa nalo, akagusa tena.

Fundi aliitwa. Alimshika mzee mkono, akauachia.

"Shikamoo, mzee. Kifaa hakina tatizo. Kinahisi vidole vya walio hai tu."

"Marahaba. Karatasi haikuwahi kuniuliza kama niko hai."

Mkutubi akapanda ghorofani kwa mkurugenzi. Alimjua mumewe: akikosa cha kusoma hatakaa, na asipokaa leo harudi tena. Mkurugenzi alikuwa dirishani, akitazama vitabu vya mwisho vikipakiwa kwenye lori la kiwanda cha maboksi.

"Bosi, nusu ya wasomaji wangu wamekodolea macho vioo vyeusi."

"Ni marehemu, si ndiyo? Watazoea. Wana muda."

"Nibakishie hata rafu moja."

"Dada yangu, hii sasa ni maktaba ya wote."

Aliporudi chini, mumewe alikuwa ameshasimama.

"Mama watoto, mimi niende zangu."

"Uende wapi? Kaa hapo!"

Akakaa, hata alipokuwa hai hakuwahi kuishinda sauti hiyo. Mkutubi akavuta kiti, akawasha kioo kwa kidole chake, akaitafuta riwaya mpaka akaipata. Kila ukurasa ulipokwisha, mzee alimgusa kiwiko kwa mkono wake wa baridi, naye akafungua mwingine. Mkutubi alifurahi, wala hakuficha.

Upande wa pili, bibi mmoja asiye na ndugu aliye hai alikuwa bado anabisha kioo chake kwa adabu. Mkutubi akanyoosha mkono wa kushoto, akamfungulia naye. Mikono ikaishia hapo. Walio hai walikuwa wameinamia vioo vyao wenyewe. Marehemu waliobaki walingoja mpaka maktaba inafungwa, wakarudisha viti walipovikuta, wakaondoka.

Kesho yake walikuja marehemu wawili tu, na mkurugenzi akawaambia wafanyakazi kwamba, kama alivyosema, wamezoea.