Mwenyeji Huonja Kwanza

"Kama haidhuru, mbona wewe unakimbilia nyuma ya ukuta?"

Bibi Miriam aliziba mlango wa chumba cha eksirei, mjukuu wake Gladness mikononi, mguu wa mtoto umevimba baada ya kuanguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Mkamwana wake Lydia, mama wa mtoto, alikuwa ndani tayari, amevaa aproni nzito ya kinga ili amshike. Foleni nzima ya hospitali ya Chamwino ilinigeukia mimi, mpiga picha. Mashine ilikuwa mpya, na tayari sifa yake ilikuwa mbaya: eti inakausha vizazi.

Nikaanza kueleza. Akanikatiza.

"Kwetu mwenyeji huonja pombe kwanza, ndipo mgeni anywe. Jipige picha wewe, tukuone. Ukikataa, mtoto nampeleka kwa mganga wa viungo."

Niliwajua waliopita kwa mganga huyo. Walikuwa wakichechemea sokoni kila mnada.

Nilikuwa na mimba changa, na mimba changa haitangazwi. Hata mama yangu pale Miyuji hakujua. Nikisema, nimewapa ushahidi wanaoutaka. Uongo ulinifika mdomoni kabisa.

"Siwezi kuonja, bibi. Nina mimba."

Foleni ikaguna. Nikajua nimeharibu.

"Kumbe inadhuru!" bibi akadakia.

"Ikizidi. Gladness atapigwa mionzi kidogo, mara moja, mguu upate kutibiwa. Mimi nipo hapa kila siku, ndiyo maana ya ukuta. Na aliye tumboni tunamkinga zaidi."

Bibi akamtazama Lydia, ambaye nilikuwa nimemuuliza mbele ya watu wote kama ana mimba, naye akakana macho chini.

"Lydia, vua hilo. Mtoto nitamshika mimi."

"Mama…"

"Vua! Unadhani sijui kwa nini siku hizi umeisusia mboga ya mlenda?"

Miaka mitatu imepita, Gladness anakimbiza mbuzi, na mimi bado nikiikumbuka sentensi ile ya mlenda nashtuka upya. Bibi asingeziba mlango, ningebonyeza kitufe Lydia akiwa mle ndani.

Bibi akaivaa aproni, akilalamika kwamba ni nzito kuliko mke mwenza. Lydia akaja kusimama kando yangu nyuma ya ukuta. Nikamshika mkono.

"Mpo wote wanne huko nyuma?" Bibi akaita.

"Tupo, bibi."

"Haya. Piga."