Vichwa Sita vya Mviringo

Jumanne ile Mwadini aliporudi na mkoba wa ngozi, Kokila alijua kuna jambo. Bastola ya Mwadini haikuwa na desturi ya kulala nyumbani. Tangu apange chumba cha nyuma kwa akina Kokila, Kenton, miezi minane sasa, ilikaa kwenye kabati la chuma la klabu ya shabaha, kwa kibali cha polisi.

"Leo imekuja kutembea?" alimuuliza.

"Inataka kusafishwa, Bi Kokila." Akapita moja kwa moja, koti hajavua.

Wote wawili walikuwa watu wa Unguja. Mwadini alikuwa fundi wa silaha wa polisi mpaka mwaka wa Mapinduzi. Sasa ni karani wa mizigo ya reli. Kokila alikuwa binti wa sonara, na mizani ya marehemu baba yake ilikuwa moja ya vitu vichache alivyofika navyo London. Ndiyo iliyowakutanisha. Kila Jumamosi, kwenye kibanda cha nyuma, Mwadini aliyeyusha madini ya risasi na kuyamimina kwenye kalibu, na Kokila akavichagua vichwa vya risasi vilivyopoa. Chenye mkunjo kilirudi chunguni. Chenye kitundu ndani, ambacho jicho halikioni lakini mizani inakiona, nacho kilirudi. Vizuri alivisogeza upande wa Mwadini, naye akavipachika kwenye maganda. Baruti alijaza mwenyewe, na akiijaza hakutaka mtu aseme naye.

Jumatano, Mwadini yuko kazini, Kokila alikwenda kibandani kuchukua ndoo. Chini ya kitambaa, pembeni ya mashine ya kupachikia, akaona vichwa sita asivyovijua. Vile vya siku zote vilikuwa bapa kama vifungo. Hivi vilikuwa vya mviringo, virefu kidogo. Akavipima kimoja kimoja. Mshale wa mizani haukutikisika; vyote uzito mmoja. Mtu alikuwa amekwisha kuvichagua, na kwa kuvichagua hivyo alihitaji kumimina vingi na kuvikataa vingi, peke yake.

Alimwambia mumewe, Harish.

"Mtu na mchezo wake," Harish alisema. "Sisi hapa wageni, Kokila. Usituletee polisi mlangoni."

Jioni, wakinywa chai, Kokila hakuweza kunyamaza. "Bwana Mwadini, kwa nini vile vya klabu huwa bapa?"

"Hutoboa karatasi tundu safi. Alama zinahesabika."

"Na vya mviringo?"

Mwadini alikoroga chai ambayo hakuitia sukari. "Hivyo tulivitumia polisi, zamani."

"Klabuni mnapiga hamsini kwa siku. Mbona vya mviringo ni sita tu?"

"Umeingia kwenye vitu vyangu?"

"Nimeingia kuchukua ndoo."

Akaondoka mezani. Kokila alibaki akijumlisha. Wiki mbili nyuma Mwadini alikwenda ofisi ya uhamiaji, Croydon, kugongewa muhuri wa kibali cha kukaa. Tangu siku ile chakula alikigusagusa tu, na juzi alikuwa amemuuliza Harish basi gani linafika Peckham.

Ijumaa mchana Mwadini hakwenda kazini. Kokila alimsikia bafuni akioga. Hakungoja. Alikwenda kibandani, akawasha jiko, akavitia chunguni vichwa vyote sita, ambavyo bado havijapachikwa kwenye maganda. Vilisimama kidogo kama vinakataa, halafu vikalala, vikawa maji.

Mlango ukafunguka. Mwadini alisimama amevaa suti, mkoba mkononi. Alitazama chungu, akamtazama yeye.

"Umefanya nini?"

"Wewe ulitaka kufanya nini? Croydon ulimwona nani?"

Aliketi juu ya sanduku.

"Msabaha. Aliyemtoa kaka yangu Himid nyumbani mwaka wa Mapinduzi, hatukumwona tena. Ana duka la vyakula Peckham. Alinisalimu, Bi Kokila. Kwenye foleni, mbele za watu, aliniita kwa jina na kuniuliza hali ya mama."

"Ukataka umuue."

"Nilitaka aogope."

"Mwongo. Wa kuogopeshwa hapimiwi risasi zikalingana kama vikuku vya bibi harusi."

Mwadini aliinamisha kichwa. Mabega yalianza kumtikisika, na Kokila, ambaye hakuwahi kumgusa mwanamume asiye wake, akamwekea mkono begani, wa pili akaunyoosha na kuushika mkoba. Mwadini akauachia.

Harish alipofika kutoka kazini, hakuuliza maswali mengi. Walikwenda pamoja klabuni, na katibu akaifungia bastola kabatini. Mwadini alimwambia katibu hataihitaji tena. Mwisho wa mwezi alihama.

Kwa miezi kadhaa Kokila alifungua gazeti akitafuta neno Peckham. Hakukuta kitu. Idi ilipofika, Mwadini alikuja kuwasalimu na boksi la halua, amenenepa kidogo, anacheka. Kokila alimkaribisha, akamtengea kiti karibu na hita. Lakini kabla hajamtazama usoni, macho yake yalikwenda kwenye mifuko ya koti, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto. Mwadini aliona. Akalivua koti, akalitundika nje ukumbini, kisha akarudi kunywa chai.