Mkono wa Fundi Seremala

Katika chumba cha kusafishia damu walimwita Sindano Moja, na mwenyewe alijifanya hapendi. Alipenda mno. Wagonjwa wa figo huchomwa sindano mbili nene kila wanapokuja, mara tatu kwa wiki, na muuguzi kama yeye, anayeupata mshipa kwa mchomo mmoja bila kubahatisha, kwao ni zaidi ya ndugu. Katika wagonjwa wote, aliyekuwa wake kabisa ni Fundi, seremala mstaafu wa kiti cha nne. Mkono wa kushoto wa Fundi ulikuwa na mshipa mkorofi, umejipinda chini ya kovu la msumeno, na kwa miaka sita hakuna aliyeuchoma ila yeye. Fundi akifika hukunja shati mwenyewe, akasema, "Niitieni binti yangu," basi. Naye huja taratibu kama bibi harusi, ili wanaotaka kuona waone.

Kisha ugonjwa ukaingia mjini. Watu waliamriwa wakae nyumbani, lakini figo hazijui amri ya serikali. Hao wagonjwa wangekosa mashine kwa wiki, wangezikwa. Wakaendelea kuja. Viti vikatenganishwa, ndugu wakazuiwa getini, na saa nne za kukaa kwenye mashine zikawa tatu, maana nusu ya wauguzi walikuwa wanaumwa au wamejitenga. Kuziba pengo akaletwa dada mmoja kutoka wodi ya kujifungulia, msichana mwepesi wa kucheka hata ndani ya barakoa. Wakamwita Mgeni.

Sindano Moja hakumpenda tangu siku ya kwanza, na tusimtafutie sababu ya maana. Mgeni alikumbuka majina ya wajukuu wa wagonjwa. Mgeni alisimuliwa habari za nyumbani na watu ambao mwenzake aliwachoma miaka na miaka bila kusimuliwa lolote. Siku moja Fundi aliangua kicheko kwa utani wa Mgeni, mkono ukatikisika mpaka mashine ikaanza kulia, na Sindano Moja ndiye akaenda kuinyamazisha.

Jumatatu iliyofuata kipimo kikasema Sindano Moja anao ugonjwa. Alikuwa na mafua tu na mgongo ukimuuma, ila sheria ni sheria: wiki mbili chumbani, mumewe akimwekea sahani mlangoni na kurudi kinyumenyume kama mtu anayelisha simba. Homa haikumsumbua. Alichokiwaza ni Jumatano, zamu ya Fundi inayofuata.

Jumatano yenyewe, saa nne asubuhi, simu ikaita. Alikuwa Mgeni.

"Dada, pole na kuumwa. Samahani nakusumbua. Niko na Fundi hapa, nimemchoma mara mbili, mshipa unanikimbia. Wewe huwa unaanzia wapi?"

Alijua vizuri sana. Unaanzia juu ya kovu, si chini yake. Unailaza sindano mpaka inakaribia kugusa ngozi. Halafu unamwambia Fundi afungue ngumi, asiifunge kama wengine, maana akiifunga mshipa unazama. Ni maelezo ya nusu dakika. Lakini kwa mbali alimsikia Fundi akisema, "Huyo binti yangu ndiye anajua," na badala ya kumfurahisha, maneno hayo yakamtia hofu. Akilini alimwona Mgeni akiupata mshipa, Fundi akicheka, na hizo wiki mbili zikipita bila yeyote kuuliza yuko wapi.

"Haielezeki hiyo," akasema. "Ni mkono tu. Utazoea."

"Sawa, dada. Upone haraka."

Aliikata simu akasikia raha, na raha hiyo haikufika jioni. Ijumaa alikaa na simu mapajani. Akiulizwa tena atasema, alijiambia, pengine. Haikuita. Wiki ya pili uvumilivu ukamwishia, akampigia mfagizi wa wodi, akijidai anataka habari za jumla.

"Fundi yupo," mfagizi akasema. "Wameshazoeana na Mgeni."

Aliyatafuna maneno hayo mpaka siku ya kurudi kazini.

Siku hiyo aliwahi. Fundi alikuwa kitini, bado hajaunganishwa, na alipokunja shati, mkono ulikuwa umevilia damu kutoka kiwiko mpaka kwapani, weusi na umanjano.

"Karibu, binti yangu. Tulikuombea sana. Mgeni alituambia ulikuwa hoi, hata sauti huna."

Sindano Moja akamgeukia Mgeni. Mgeni alikuwa anafunga mipira ya mashine, wala hakuinua kichwa. Yaani yule msichana alikuwa amemfichia aibu yake.

"Jumatano ile nilichomwa mara tano," Fundi akaendelea bila kinyongo. "Ijumaa mara nne. Sasa hivi ni mbili, tatu, inategemea bahati. Lakini huyu ana moyo. Alikuwa analia yeye, mimi ndiye nambembeleza."

Kilichomchoma kwanza, kabla hata ya aibu, kilikuwa wivu. Walikuwa wamelia pamoja, na yeye hakuwepo.

Angeweza kunyamaza. Aliyeijua siri alikwisha kuamua kuitunza. Akauchukua mkono wa Fundi, akapitisha kidole juu ya uvimbe, na Fundi akashtuka kwa maumivu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yake.

"Fundi, sauti nilikuwa nayo," akasema. "Mgeni aliniuliza, nikakataa kumwambia. Nilitaka uendelee kuningoja mimi."

Wagonjwa wa viti vya jirani wakajifanya wamelala. Fundi akauvuta mkono wake, akaunyoosha upande wa Mgeni.

"Basi mwambie sasa," akasema. "Kwa sauti, nami nisikie. Siku ukiugua tena, au ukifa, mimi bado nataka kuishi."

Sindano Moja akamwambia yote. Mgeni alifuata neno kwa neno, bila kumtazama, na damu ikapanda kwenye mpira mara moja.

"Sikusikia maumivu hata kidogo," Fundi akasema, na alikuwa akimwambia Mgeni.

Sindano Moja alikata plasta, akaishikiza sindano ya mwenzake isichomoke. Wivu ulikuwa umemjaa kifuani vilevile, haukupungua hata chembe.

"Hiyo ya pili," akamwambia, "ilaze zaidi."