Goti la Koplo Ng'washi

Konstebo mwenzangu Nasrin ananichosha. Kazi ya polisi kajifunza kwenye katuni za Kijapani: miwani myeusi, kuruka kwenye pikipiki kabla haijasimama, kupiga mlango teke huku akitaja cheo chake.

Jana tulitumwa Ngulyati kumkamata Mboje, aliyempiga mkewe Flora mpaka jicho likavimba. Njiani nikamfokea Nasrin: "Huku Usukumani tuna heshima. Leo hupigi teke mlango wa mtu!"

Uani tukamkuta baba yake Mboje. Nikampigia goti nikiwa na sare yangu, kama binti wa Kisukuma nilivyolelewa. Mzee akaitikia taratibu, akauliza ukoo wangu, wazazi wangu, ng'ombe, mvua, pamba. Nikajibu yote.

"Afande Ng'washi," Nasrin akaninong'oneza, akinionyesha nyuma ya nyumba. Nikamkazia macho, akanyamaza.

Nilipoinuka, Mboje alikuwa keshatokomea kwenye shamba la pamba.

Flora akatoka jikoni na kikombe cha maji. Akapiga goti, akanipa kwa mikono miwili.

"Mmemaliza kusalimiana, afande?" akauliza. "Jioni atarudi. Mlango nitamfungulia mimi."