Mngurumo wa Mashine ya Lukresia

Milango ya biashara ilipofunguliwa na kila mwenye lori akaanza kushusha bidhaa za nje, Lukresia naye aliuza taipureta yake akanunua kompyuta. Aliyemtafutia ni shemeji yake Msafiri, mfanyabiashara wa Makambako, ambaye aliitoa Dar es Salaam ikiwa imeshatumika sana huko ilikotoka. Lukresia akaiweka kwenye kichumba chake cha uchapaji kata ya Ramadhani, Njombe mjini, akabandika kibao mlangoni.

Wateja walikuja. Shida ilikuwa kelele. Ndani ya boksi la kompyuta, kwenye kile kisanduku cha chuma kinachogawa umeme, kulikuwa na feni ndogo ya kupoza, na feni hiyo ilinguruma kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi. Jioni Lukresia alirudi nyumbani masikio yakivuma, akiulizwa hili anajibu lile. Faida yake ilikuwa moja tu: asubuhi za baridi, vidole vikifa ganzi, aliviweka nyuma ya boksi akaota ile hewa ya moto iliyotoka.

Mumewe Haruni, fundi cherehani, alisema feni imekauka tu. Akaidondoshea mafuta ya cherehani. Ikanyamaza, Lukresia akamsifu mbele za watu. Wiki haikuisha, mafuta yakashikana na vumbi, feni ikaanza kukwaruza juu ya kunguruma.

"Umeifanya nini?"

"Kwani haikunyamaza?"

"Ilinyamaza! Sasa inalia!"

Basi akawa anafanya kazi hivyo hivyo, kwa kupiga kelele, mpaka siku aliyokuja Scolastika.

Scolastika alikuwa mpishi wa shule moja ya bweni, mwanamke mpole asiyependa kuonekana. Alitaka barua ya kumwomba mkuu wa shule ruhusa ya kwenda kutibiwa hospitali ya Ikonda. Akainama karibu na meza akanong'ona.

"Sisikii, mama," alisema Lukresia.

Akanong'ona tena.

"Paza sauti! Si unaona mashine yenyewe!"

Scolastika akafumba macho, akapaza sauti. "Miaka yote ya ndoa sijashika mimba! Nataka nikapimwe!"

Nje, kwenye meza za nyanya, mazungumzo yalikatika. Mtu mmoja akacheka. Scolastika alijitanda kitenge chake mpaka kwenye macho, akatoka bila kuaga. Lukresia alibaki amekodolea kioo cha kompyuta, mstari mmoja umeandikwa, na feni inanguruma kama vile hakuna kilichotokea. Akachomoa waya ukutani kwa hasira hata plagi ikarukia mbali.

Kesho yake alilifunga boksi kwenye blanketi, akalipakata kwenye basi hadi Makambako.

"Shemeji, kompyuta lazima ingurume," alisema Msafiri, akiwa amekaa juu ya magunia ya sukari. "Ndiyo nguvu yake hiyo. Isiponguruma utajuaje kama inafanya kazi?"

"Nitajua kwa sababu itakuwa inafanya kazi!"

Msafiri akacheka, akampeleka kwa Fahadi, fundi redio wa mtaa wa pili, aliyekuwa na feni mpya zilizoingia na mzigo wa vipuri. Fahadi alifungua kile kisanduku, akamwonya asije akakigusa ndani mara tu baada ya kuchomoa, maana umeme hubaki humo ukisubiri mtu. Akakata nyaya za feni kuukuu, akaunganisha mpya, akafunga skrubu. Alipowasha, ikabidi Lukresia aweke sikio kwenye bati ndipo asikie. Nusura amkumbatie.

Aliporudi Njombe aliwasha mashine, akaketi kwenye ukimya kama mtu aliyehamia nyumba mpya. Akachapa ukurasa. Alipoanza wa pili, harufu ya plastiki inayoungua ikamfikia na kioo kikazimika. Alisubiri, akawasha, akachapa, ikazimika tena. Alikwenda posta kumpigia simu Fahadi dukani kwa Msafiri.

"Feni inazunguka?" aliuliza Fahadi.

"Inazunguka!"

"Basi kwangu hakuna kosa, dada. Hiyo mashine imezeeka."

Lukresia alirudi akiwa na hamu ya kulitupa boksi barabarani, lori lipite juu yake. Hasira zote za miezi zilimpanda, kwa Haruni, kwa Msafiri, kwa Fahadi, kila mmoja na maneno yake matamu. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Kwa mazoea akaviweka nyuma ya boksi vipate joto.

Hakukuwa na joto. Akachana kipande cha karatasi akakisogeza kwenye matundu. Karatasi ikavutwa ikang'ang'ania bati. Feni ilikuwa inavuta hewa ya nje kuingiza ndani, na joto lote linabaki humo humo.

"Ameigeuza," alisema peke yake. "Mtu mzima, na duka lake, ameigeuza!"

Alichomoa waya, akamwomba Haruni bisibisi, akamkatalia kusogea karibu. Aliacha boksi likae mpaka kesho yake, umeme uliobaki humo uishe. Kisha akafungua skrubu, akaigeuza feni, akafunga. Safari hii karatasi ilipeperuka. Akachapa mpaka jioni bila mashine kuzimika, bila kelele, akijisikia mwenyewe anavyopumua.

Kabla ya giza alikwenda kwa Scolastika. Alimkuta uani anachambua maharage.

"Kamwene," alisalimia.

"Kamwene," Scolastika alijibu bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kuomba radhi. Mashine nimeitengeneza. Njoo nikuchapie barua, bure, hata ukinong'ona nitasikia."

"Barua niliandika kwa mkono. Ruhusa nimepewa." Akatupa punje mbovu kando. "Watu walishasikia, Lukresia. Kunyamaza kwa mashine sasa kunanisaidia nini?"

Lukresia alichuchumaa. Akavuta ungo, akaanza naye kuchambua.

"Mume wangu anaona haya kunisindikiza," Scolastika alisema mwishowe. "Anasema huko Ikonda watu watamwangalia."

"Unaondoka lini?"

"Jumatatu."

Jumatatu Lukresia alifunga ofisi, funguo akamwachia Haruni na onyo moja: asiiguse mashine. Akamkuta Scolastika stendi na kikapu chake, akakipokea, wakapanda wote wawili.