Wapinzani Walipomzoea Kocha Stroud

Jumamosi ile tulishinda, lakini niliondoka uwanjani sina raha. Zaidi ya mara moja nilimsikia mlinzi wa wapinzani akipaza sauti, "Kushoto! Wanakuja kushoto!" kabla mpira haujaguswa. Na kweli tulikuwa tunakwenda kushoto.

Mimi ni Curtis Odegaard, msaidizi wa Kocha Verlin Stroud katika Chuo cha Brandvold, Dakota ya Kusini, Marekani. Mpira wetu ni ule wa kubeba mikononi na kugongana vifua. Tumekuwa mabingwa wa ligi yetu tangu wanangu hawajazaliwa, kwa sababu Stroud haridhiki. Kila tukichukua kombe, anabadilisha kitu: mazoezi, chakula cha wachezaji, hata wasaidizi. Siku hizi wachezaji wanahama vyuo kama watu wanavyobadilisha simu. Akajifunza kuwabembeleza, yeye aliyezoea kufoka. Jambo moja tu hakuligusa: wakati wa mechi, kila shambulizi alilichagua yeye mwenyewe.

Sasa walikuwa wamemsoma. Na mechi iliyofuata ilikuwa dhidi ya Chuo cha Kesterson. Kocha wao, Rusty Amdahl, aliwahi kucheza chini ya Stroud, na anamjua hadi anavyokohoa.

Nilizunguka bila kuthubutu kumwambia. Stroud alishafukuza watu kwa makosa madogo kuliko hayo. Mke wangu, Lorna, akaniona nikigeuzageuza viazi kwenye sahani.

"Mwambie," alisema.

"Akinifukuza je?"

"Tutahama. Bora hivyo kuliko kuishi na mtu asiyekula wala kulala."

Asubuhi nikaingia ofisini kwa Stroud, nikamwekea video. "Sikiliza, Kocha." Mlinzi akasikika: kushoto! Nikaweka mechi nyingine. Kushoto! Na nyingine.

"Wamebahatisha," alisema.

"Hawabahatishi. Zikibaki yadi mbili tatu kufika mstari wao wa mwisho, unapeleka kushoto. Kila mtu anajua."

"Unataka kusema nimezeeka?"

"Nasema umezoeleka."

Akazima video. "Toka nje."

Nilishinda nikitafuna kucha. Jioni, mazoezini, akawakusanya wachezaji. "Jumamosi Odegaard ndiye atakayechagua mashambulizi. Mkiniona mimi napunga mikono, fumbeni macho."

Wachezaji wakacheka.

Jumamosi ilipofika, kipindi cha kwanza kilikuwa aibu tupu. Kila nilichochagua kilivunjika, na jukwaani watu walipiga kelele, "Mrudisheni Stroud!" Wakati wa mapumziko nikamfuata. "Kocha, chukua wewe. Nawaharibia vijana."

"Maneno uliyaleta wewe," alijibu, mikono mfukoni. "Sasa yabebe."

Kipindi cha pili tulianza kuokoteza pointi, kidogo kidogo. Dakika ya mwisho walikuwa wametuzidi pointi nne. Tulikuwa karibu kabisa na mstari wao, zimebaki yadi mbili, na jaribio moja tu la kuuvuka tupate pointi sita. Walinzi wa Kesterson walikuwa wamejazana kushoto. Nikamwita mrushaji wetu, Tavian Boyce.

"Jifanye unampa mkimbiaji aende kushoto. Wakimvamia, rusha kulia."

"Kocha, sauti inakutetemeka."

"Wewe isikutetemeke mikono. Nenda!"

Pembeni yangu midomo ya Stroud ilikuwa ikichezacheza. Mkono wake ukaanza kuinuka kutoa ishara. Akaukamata kwa mkono wa pili, akaubana kifuani kama mtu anayezuia mbwa.

Walinzi wakamrukia mkimbiaji asiye na kitu. Tavian akarusha. Mpira ulikaa hewani muda mrefu mno, nikashindwa kuutazama. Niliposikia uwanja unalipuka ndipo nikajua umedakwa ng'ambo ya mstari, na tumeshinda.

Amdahl akaja kumpa Stroud mkono. "Ile haikuwa yako, Kocha. Yako ningeijua."

"Ni ya huyu," Stroud alisema, akaninyooshea kidole, kisha akaenda zake bila kunisemesha.

Jumatatu nilimkuta ofisini kwangu, video inacheza.

"Jana sikujua mikono yangu niiweke wapi," alisema. "Miaka yote hii, Jumapili nakaa nikipanga mashambulizi. Jana niliosha gari lililokuwa safi."

"Ukitaka nikurudishie, Kocha..."

"Nani kasema nataka?" Akaigandisha video pale Tavian aliporusha. "Nzuri hii. Amdahl ameshaiona, na wote wengine wameiona. Jumamosi utaleta nini?"

Nilivuta kiti, nikakaa, na yeye akasogea kunipisha.